Nilivyomsimulia Baba Ukumbi wa Sanamu Elfu na Moja

Nilipomwambia Baba kwamba Jumamosi nakwenda Kyoto, aliniomba kitu kimoja tu: picha za mbao. "Picha yako umesimama getini usinitumie," alisema. "Nasikia Wajapani wanaunga ubao kwa ubao mpaka nyumba inasimama. Nipigie viungo. Watu wote hupiga mbele. Wewe nipigie ubavuni, pale ulimi unapoingia kwenye tundu."

Baba ni seremala. Kazi hiyo ameifanya Tanga kwa zaidi ya miaka arobaini, milango, vitanda na makabati, mpaka vidole vikaanza kukakamaa na patasi ikawa haitulii tena mkononi. Karakana amemwachia kaka yangu. Yeye hukaa kwenye benchi mlangoni akisikiliza randa ikipita, na ikikwaruza vibaya hutamka jina la kaka bila hata kugeuza shingo.

Mimi wakati huo nilikuwa Kobe kwa masomo. Kutoka Kobe hadi Kyoto treni ya haraka haimalizi saa nzima. Hekalu nililolichagua linaitwa Sanjusangen-do, na nililichagua kwa sababu moja: nilisoma kwamba ndani yake kuna sanamu za mbao zaidi ya elfu moja zilizosimama katika chumba kimoja. Nikajiambia, kama Baba anataka mbao, hizi zitamtosha.

Kutoka stesheni ya Kyoto unaweza kupanda basi, lakini mimi nilitembea. Unafuata barabara ya Shichijo kuelekea mashariki, dakika kama ishirini, unavuka mto Kamo. Mto ni mpana na maji yake ni haba. Asubuhi ile ndege aina ya korongo walikuwa wamesimama ndani yake mguu mmoja mmoja, na wazee wanatembeza mbwa ukingoni. Ukishavuka, mbele kidogo kushoto kuna Makumbusho ya Taifa ya Kyoto, na ng'ambo ya barabara, kulia, ndilo hekalu. Kutoka nje halikushangazi. Unaona paa refu la vigae vya kijivu, refu mno, na milango ya mbao iliyofungwa. Nilisimama nikafikiri, hili ni ghala.

Nikalipa yeni 600, nikavua viatu, nikavipanga kwenye rafu. Mbele yangu pakawa na bango lenye kamera iliyopigwa mstari mwekundu. Mzee wa mlangoni aliiona simu mkononi mwangu. Akainama kidogo, akanionyesha bango kwa kiganja kilichokunjuliwa, akainama tena. Nikaitia simu mkobani. Ahadi niliyompa Baba ikafia pale mlangoni.

Kisha nikaingia.

Ukumbi una urefu wa karibu mita 120. Jina lenyewe, Sanjusangen-do, maana yake ni ukumbi wa nafasi 33, yaani nafasi zilizo kati ya nguzo na nguzo. Hesabu hiyo ni ya makusudi, kwa kuwa Wabudha husema Kannon, anayesikia vilio vya ulimwengu, hujitokeza kwa sura 33 ili kuwaokoa viumbe. Kwa kuwa unaingia kutokea mwisho mmoja, urefu wote unakuwa mbele yako kwa mara moja. Na upande mmoja wa urefu huo wamesimama. Ngazi kumi kwenda juu, watu hamsini kila ngazi, halafu katikati Kannon mkubwa ameketi, halafu ngazi kumi nyingine, watu hamsini kila moja. Nimesema watu. Kimo chao ni cha mtu mzima, na kwa dakika za mwanzo sikuweza kuziita sanamu. Nilihisi nimeingia mkutanoni nikiwa nimechelewa, na wote wameniona.

Dhahabu yao haing'ai kama ya vito. Imezeeka. Imekuwa na rangi ya asali ya nyuki wadogo, mahali imekolea, mahali imefifia hadi unaona weusi chini yake. Mwanga unaingia kidogo tu kupitia milango ya karatasi, basi ukisogea hatua moja, safu nzima nyuma inabadilika: aliyekuwa gizani anatokea, aliyekuwa ametokea anarudi. Juu ya kichwa cha kila mmoja kuna vichwa vidogo kumi na kimoja. Viganja viwili vimekutana kifuani. Nyuma ya mabega imechanua mikono mingine, mmoja umeshika fimbo ndefu, mwingine yungiyungi, mingine vitu nisivyovitambua.

Nilitembea hadi mwisho, nikarudi. Nilipotoka nje nilikuta saa mbili zimepita.

Jioni nilikaa kwenye benchi kando ya mto Kamo nikampigia. Kyoto ilikuwa saa kumi na moja jioni, Tanga saa tano asubuhi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Picha mbona hazijaja?"

Nikamweleza kuhusu bango. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi niambie." Nikaanza kusimulia: dhahabu, safu, vichwa kumi na kimoja, mwanga. Akaniacha nimalize. Halafu maswali yakaanza.

Ni mti gani? Ni gogo moja au ni vipande? Kama ni gogo moja, mbona halijapasuka kwa miaka yote hiyo? Mikono ile imeungiwa wapi, begani au mgongoni? Dhahabu imepakwa au imebandikwa? Chini ya dhahabu kuna nini?

Sikuweza kujibu hata moja. Nilikuwa nimetazama saa mbili.

"Ulikuwa unaangalia nini sasa?" aliuliza, kwa upole, kama anavyomuuliza mwanafunzi wa karakana aliyepima ubao akasahau kuandika vipimo.

Hapa niseme jambo ambalo wasomaji wengi wa pwani watakuwa wanajiuliza. Sisi ni Waislamu. Nikiwa Kobe nilisali Ijumaa katika msikiti wa mji ule, uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa Japani. Siku ile kwenye simu nilimsikia Mama nyuma akiuliza, "Kaenda kuangalia masanamu?" Baba naye maisha yake yote hakuwahi kuchonga kiumbe chenye roho. Kuna mteja aliwahi kumletea fedha nzuri achonge simba wawili kwenye kitanda, akakataa, akamchongea mawimbi na majani. Kwa hiyo nilitarajia anikanye. Alichosema ni hiki: "Mimi sichongi hayo na wala siyasujudii. Lakini aliyeyachonga ni fundi mwenzangu, na kazi ya fundi nitaisikiliza." Mama hakuuliza tena. Na mimi nililichukua hilo kama ruhusa ya kurudi.

Wiki zilizofuata nilisoma kila nilichokipata, na nilikwenda pia kwenye yale makumbusho ya ng'ambo ya barabara. Kila Jumapili nilimpelekea Baba majibu kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.

Mti ni hinoki, jamii moja na ile misaiprasi iliyopandwa Lushoto. Sanamu hazikuchongwa kwenye gogo moja. Wajapani wana ufundi wanaouita yosegi: fundi anaunganisha vipande kadhaa vya mti, anachonga umbo, anavitenganisha, anakomba ndani mpaka vinabaki kama ganda, kisha anaviunga tena. Kila sanamu ile ndani ni tupu.

Nilipomweleza hivyo, nilisikia Baba akipiga paja. "Ndiyo hiyo!" alisema. "Moyo wa mti ndio unaopasua. Nje kunakauka, ndani bado kubichi, wanavutana. Walimtoa utumbo kabla hajawasumbua." Akamwita kaka aje asikilize. Nikarudia tangu mwanzo, simu ikiwa imewekwa juu ya meza ya kazi, na nyuma yao nasikia bajaji zikipita.

Juu ya mti hupakwa utomvu wa mti wanaouita urushi, unakauka na kuwa mgumu na mweusi, na juu yake ndipo hubandikwa karatasi za dhahabu nyembamba mno. Weusi niliouona pale dhahabu ilipofifia ulikuwa ni huo utomvu. Wote wale ni Kannon, na huitwa Kannon wa mikono elfu, lakini mikono si elfu kwa hesabu; ni 42. Miwili ni ile iliyokutana kifuani, inabaki 40, na kila mmoja katika hiyo 40 inasemekana huokoa dunia 25. Arobaini mara ishirini na tano, ndiyo elfu.

"Na sanamu ni ngapi kamili?"

Zilizosimama ni 1,001, nikamwambia. Elfu moja mbele, na moja imesimama peke yake nyuma ya Kannon mkubwa.

Nikasikia kalamu. Baba bado huhesabu kwa kalamu ya seremala kwenye kipande cha mbao. "Mikono elfu arobaini na mbili na arobaini na mbili," alisema. Akairudia. Kisha akakaa kimya kwa muda ambao nilidhani simu imekatika. Mimi najua vidole vyake vilivyo siku hizi. Chai anaishika kwa viganja viwili.

Yeye alitaka kujua nani walifanya, na hapo historia ikawa yake kuliko yangu. Hekalu lilijengwa kwanza mwaka 1164. Aliyetaka lijengwe ni Go-Shirakawa, mfalme aliyekwisha kuachia kiti lakini akaendelea kuwa na nguvu, na aliyegharimia ni Taira no Kiyomori, mkuu wa wapiganaji wa zama hizo. Mwaka 1249 moto ulizuka mjini ukalifikia. Likaungua. Wakalijenga upya, na jengo lililopo leo ndilo lile lililokamilika mwaka 1266. Kyoto imeungua mara nyingi baada ya hapo. Vita vya Onin peke yake, kuanzia 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji. Jengo hili halikuungua tena.

Katika zile 1,001, sanamu 124 ni za kabla ya moto. Yaani kuna watu waliozitoa. Zina kimo cha mtu, zina mikono 42 inayokwama kila mlangoni, na paa linawaka. Kuna mtu aliingia, akakumbatia moja kifuani, akatoka nayo, akairudia nyingine. Mimi hili ndilo lililonikaa moyoni kuliko dhahabu yote. Baba yeye alisema, "Kwa kuwa ni tupu ndani. Zingekuwa gogo zima wasingeokoa hata ishirini." Na hapo nikaona kwamba kazi ya kukomba ndani, ambayo hakuna mtazamaji atakayeiona kamwe, ilifanywa ili mti usipasuke, na siku ya moto ikawa ndiyo iliyowawezesha watu kuzibeba.

Zilizobaki zilichongwa upya, 876, katika miaka 16. (Moja tu ni ya baadaye zaidi.) Baba akagawa: kama 55 kwa mwaka, zaidi ya moja kwa wiki, bila kupumzika kwa miaka 16. "Hapo si karakana," alisema, "hapo ni mtaa mzima wa mafundi." Na ndivyo ilivyokuwa. Mafundi walitoka katika koo tatu kubwa za wachongaji, In, En na Kei, na sanamu nyingi zina jina la mchongaji limeandikwa kwenye ulimi wa mguu, ule unaozama ndani ya kitako, mahali ambapo sanamu ikishasimamishwa hulioni. Baba alicheka kwa furaha. Milango yake yote ina jina lake kwa penseli, juu ya fremu, upande unaoelekea ukuta. Kuna nyumba Ngamiani na Chumbageni zenye jina la baba yangu ndani ya kuta, na wenye nyumba hawajui.

Kannon mkubwa wa katikati, aliyeketi, mrefu zaidi ya mita tatu bila kuhesabu kitako na miale ya nyuma, ni kazi ya Tankei, mtoto wa kwanza wa Unkei, mchongaji ambaye Japani inamkumbuka hadi leo. Sanamu ilimalizika mwaka 1254. Tankei alikuwa na miaka 82.

"Themanini na mbili?"

"Themanini na mbili, Baba."

"Vidole vyake je?"

Nilimwambia alikuwa na mafundi wengine chini yake, na majina yao yameandikwa pamoja na lake. Akasema, "Mm." Siku mbili baadaye kaka alinitumia ujumbe: mzee ameamka kutoka kwenye benchi, ameingia karakana, anamwelekeza kijana mmoja namna ya kunoa tindo, na ameanza kumpigia kelele mtu ana kwa ana badala ya kumpigia akiwa mlangoni.

Safari yangu ya pili ilikuwa katikati ya Januari, na siwashauri mtu anayetaka kutazama sanamu aende siku ile. Jumapili moja kila mwaka, karibu na tarehe 15 Januari, hekalu hufungua mlango bure, na nje ya ukumbi upande wa magharibi hufanyika mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, umbali wa mita 60. Vijana waliotimiza miaka 20 hushiriki, na wasichana huvaa kimono za rangi zenye mikono mirefu wakaifunga kwa utepe isiguse kamba ya upinde. Ni siku nzuri ya kuona watu. Baridi ilikuwa kali, pumzi zinatoka kama moshi, na msichana akivuta upinde uwanja wote unanyamaza.

Mchezo huo ni mtoto wa mwingine mkali zaidi. Zamani wapiganaji wa koo mbalimbali walikuja kupima nguvu kwenye baraza ya nyuma ya ukumbi huu. Mpigaji aliketi mwisho wa kusini akapiga mishale ifike mwisho wa kaskazini, urefu wote ule, chini ya ukingo wa paa, bila kugusa nguzo wala dari. Mashindano makubwa yalikwenda saa 24 mfululizo. Mwaka 1686 Wasa Daihachiro alipiga mishale 13,053, na 8,133 kati ya hiyo ikafika. Nimepiga hesabu ni mishale tisa kila dakika, mchana na usiku. Baba hilo halikumvutia sana. Aliuliza tu kama mishale iliharibu nguzo.

Siku hiyohiyo ndani ya ukumbi watawa huwanyunyizia watu maji kwa tawi la mti wa willow, mti wenye matawi laini yanayoinamia chini, ili wajikinge na maumivu ya kichwa. Sababu ni hadithi ya Go-Shirakawa mwenyewe. Inasemekana aliteswa na kichwa miaka mingi. Akaota kwamba katika maisha yake ya kale alikuwa mtawa, na fuvu la mtawa huyo limelala chini ya mto, mti umeota ndani yake, na kila upepo unapotikisa mti, kichwa cha mfalme kinauma. Wakatafuta, wakalikuta fuvu, wakalitia ndani ya kichwa cha Kannon, na mti ule wakautumia katika kujenga ukumbi. Kichwa kikapona. Kwa sababu hiyo hekalu limekuwa kimbilio la wenye maumivu ya kichwa, na foleni niliyoiona siku ile ilizunguka ua. Nilikuwa nimebanwa kati ya migongo, nasukumwa mbele, sanamu naziona kwa vipande vipande juu ya mabega ya watu. Nikatoka bila kumwona vizuri hata mmoja.

Basi nikarudi Februari, siku ya Jumanne, mvua inanyesha. Tulikuwa wageni labda kumi katika urefu ule wote. Sakafu ilikuwa baridi mpaka nyayo zikafa ganzi. Nilikuwa na daftari na penseli.

Watu wa Kyoto husema kwamba katika sanamu elfu moja na moja za Sanjusangen-do, utaikuta sura ya mtu unayetamani kumwona. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu mwanzo nikalipita. Siku ile ya mvua, kwa kuwa hakuna aliyenisukuma, nilianza kuzitazama nyuso moja moja. Na ni kweli hazifanani. Ukiziangalia kwa pamoja ni sura moja iliyorudiwa mara elfu. Ukisimama mbele ya mmoja kwa dakika tano, kisha ukahamia kwa jirani yake, unaona huyu ana mashavu yaliyojaa, huyu kidevu chembamba, huyu jicho limelala zaidi, huyu ana kama tabasamu na huyu hana. Kila uso ulitoka kwenye mkono mmoja, siku fulani, na mkono huo ulikuwa na namna yake. Hata walipojitahidi wafanane, mafundi walijitokeza.

Ndipo pia nilipoweza kuzitazama sanamu za mstari wa mbele. Mbele ya jeshi lile la Kannon wamesimama walinzi 28, pamoja na mungu wa upepo aliyebeba mfuko wa upepo mabegani na mungu wa radi aliyezungukwa na ngoma. Wengi wa walinzi hao asili yao ni miungu na viumbe wa India walioingia katika Ubudha na kusafiri nao hadi huku. Kuna Karura mwenye mdomo wa ndege anayepiga filimbi. Kuna Basusen, mzee aliyekonda mpaka mbavu unaweza kuzihesabu, ameegemea mkongojo. Macho yao ni ya fuwele: fundi alikomba kichwa kwa ndani, akaweka vipande vya fuwele vilivyopakwa rangi kwa nyuma, basi mwanga ukipita jicho linakuwa na maji. Unasogea, nalo linakufuata.

Niliandika hayo yote daftarini kwa ajili ya Baba. Niliandika pia kwamba sanamu zote 1,001 zimefanyiwa matengenezo katika zama zetu hizi: kazi ilianza 1973 ikaisha 2017, miaka 45, vumbi likitolewa na dhahabu iliyobanduka ikirudishwa mahali pake, sanamu chache chache kwa mwaka. Mtu anaweza kuwa aliianza kazi ile akiwa kijana akastaafu kabla haijaisha. Mwaka uliofuata, 2018, serikali ya Japani ikaziorodhesha zote kuwa hazina ya taifa. Miaka 16 kuchonga, miaka 45 kusafisha. Nilijua hesabu hiyo Baba ataipenda.

Nilikuwa nakaribia kutoka nilipofika mbele ya mlinzi anayeitwa Mawara-nyo.

Ni mwanamke mzee. Walinzi wengine wana panga, wana silaha, wana misuli iliyotuna. Yeye hana kitu. Amesimama, amekonda, mifupa ya mtulinga imetokeza chini ya shingo, na viganja vyake viwili vimekutana mbele ya kifua. Nilisimama. Penseli ilianguka, sikuiokota mara moja.

Jioni nilimpigia Baba kutoka stesheni, watu wakipita na miamvuli inayochuruzika. Nilimpa ya 1973 hadi 2017. Akayapokea kwa heshima yake yote. Nikampa macho ya fuwele, akataka nirudie namna yanavyoingizwa kwa ndani, nikarudia. Kisha nikamwambia yale wanayosema watu wa Kyoto kuhusu sura ya mtu unayetamani kumwona.

"Ukamwona nani?"

"Bibi," nikasema.

Bibi ni mama yake. Alifariki nikiwa darasa la sita. Miaka yake ya mwisho alikuwa amekonda hivyohivyo, na baada ya sala ya alfajiri alikuwa akibaki juu ya mkeka, mabega yakitokeza ndani ya kanga, mpaka jua linafika mlangoni na mtu anakwenda kumwinua.

Nilimweleza Baba mtulinga. Nilimweleza shingo, na mashavu, na namna nguo ilivyochongwa ikaangukia mwili usio na nyama. Hakunikatiza. Niliposema kuhusu viganja vilivyokutana, akaniuliza:

"Vimegusana kote, au kuna nafasi katikati?"

Sikuwa nimeangalia. Nikamwambia nitakwenda tena Jumamosi.